Barua ya wazi kwa Meya na Baraza la Jiji la Syracuse: kabla daraja halijashushwa, tuandikieni ardhi itakuwa ya nani

Mheshimiwa Meya, Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Jiji, nanyi wakuu wa barabara wa Jimbo la New York mnaoshika hati ya ardhi hiyo,

YAH: ARDHI ITAKAYOBAKI CHINI YA DARAJA LA I-81

Shikamooni wale mnaonizidi umri, na salamu kwenu nyote.

Daraja ninalolisema ni barabara kuu ya I-81 iliyoinuliwa juu ya nguzo katikati ya mji wetu, ambalo imeamuliwa libomolewe. Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Walionisukuma niandike ni majirani zangu wa Northside, mtaa wa kaskazini mwa mji, na wengi wao Kiingereza chao ni cha kazini tu, cha kuitika na kuuliza zamu inaisha saa ngapi. Nataka waisome kabla yenu, wanisahihishe pale nilipokosea. Ninyi hamtakosa wa kuwafasiria.

Nilizaliwa Fizi, Kivu Kusini. Vita vilipotufikia tulivuka Ziwa Tanganyika kwa boti hadi Kigoma, tukapelekwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, na huko nikakulia, nikaolewa, nikazaa. Hapa Syracuse sasa nina mwaka wa kumi na moja. Nimekula kiapo cha uraia, napiga kura, nalipa kodi, na theluji ya mbele ya mlango wangu naisukuma mwenyewe kwa koleo kabla ya kwenda kazini. Kwa hiyo naomba mnisikilize kama mwenyeji mwenzenu.

Kazi yangu ni usafi wa jioni, juu kule kilimani. Nashuka basi kwenye kituo kikuu cha Salina na Adams, napanda Adams Street kwa miguu, na nikifika Almond Street napita chini ya daraja. Wanaopita juu kwa gari hawajui kulivyo huku chini. Mwezi wa pili maji hudondoka kutoka kwenye maungio ya zege na kuganda yakiwa yananing'inia kama meno. Zege limebanduka, nondo zinachungulia, na kutu imeteremka kwenye nguzo kama machozi ya mtu aliyepaka wanja. Fundi mmoja wa ujenzi, jirani yangu, alinieleza kwamba chumvi tunayomwaga kila msimu ili kuyeyusha barafu ndiyo inayopenya kwenye zege na kula chuma kwa ndani. Siku ile nilisimama nikaitazama nguzo kwa macho mengine. Mji huu uliitwa Mji wa Chumvi, na chumvi ndiyo iliyoujenga.

Nimejifunza historia ya Syracuse maktaba, jioni ambazo sina zamu, nikiwa na watoto wangu pembeni wakifanya kazi za shule. Niliyoyakuta yamenifanya nisiweze kukaa kimya.

Chemchemi za chumvi za Ziwa Onondaga zilikuwa za taifa la Onondaga, wenyeji wa asili wa ardhi hii. Mwaka 1788 jimbo liliandikiana nao mkataba kwamba ziwa la chumvi na ardhi ya maili moja kulizunguka vitabaki milele kwa manufaa ya pande zote mbili, watu wa New York na Waonondaga, kwa ajili ya kutengeneza chumvi. Neno milele limo ndani ya mkataba. Mwaka 1795, miaka saba tu baadaye, ardhi ile ilikwisha chukuliwa kwa mkataba mwingine. Ushuru wa chumvi ukasaidia kulipia Mfereji wa Erie, uliofunguliwa mwaka 1825 na kupita katikati ya mji, pale ambapo leo ni Erie Boulevard. Ziwa lenyewe, ambalo kwa Waonondaga na ndugu zao wa Haudenosaunee, muungano wa mataifa ya wenyeji wa asili, ni takatifu, liligeuzwa jaa la viwanda. Kuogelea kulipigwa marufuku mwaka 1940, kuvua samaki mwaka 1970, kwa sababu ya zebaki na uchafu mwingine. Sisi tuliokulia kando ya Tanganyika tunaelewa maana ya ziwa usiloweza kumtuma mtoto akachote maji wala kuvua migebuka.

Kisha nikasoma habari za Kata ya 15.

Hapo ninapopita kila siku palikuwa na mtaa mzima. Wayahudi waliishi hapo, kisha Weusi waliotoka Kusini kutafuta kazi, na kufikia miaka ya 1950 wengi sana wa Weusi wa mji huu walikuwa ndani ya kata hiyo, kwa kuwa kwingine hawakupangishwa wala kuuziwa nyumba. Palikuwa na maduka, vinyozi, makanisa, kumbi za muziki. Mwaka 1937 watathmini wa serikali ya shirikisho walichora ramani ya Syracuse na kuipaka kata hiyo rangi nyekundu, yaani hapa msikopeshe. Msomaji wa Dar es Salaam anaijua X nyekundu inayopigwa ukutani kabla ya bomoabomoa. Hii ilikuwa X ya mtaa mzima, na ilipigwa karibu miaka ishirini kabla ya tingatinga kufika. Benki zilipokataa kukopesha, paa lililovuja lilivuja zaidi. Wenye nyumba wa mbali walikusanya kodi bila kutengeneza. Halafu uchakavu ule ule ukatajwa kuwa ndiyo sababu ya kubomoa.

Fedha zilitoka Washington. Sheria ya makazi ya 1949 iligharimia usafishaji wa mitaa iliyoitwa ya hovyo, na sheria ya barabara kuu ya 1956 iliahidi kwamba serikali ya shirikisho italipa asilimia 90 ya gharama za barabara hizo. Kwa viongozi wa mji wakati ule hilo lilionekana neema: barabara karibu ya bure, na mtaa wa maskini unaondoka. Mamia ya familia yaling'olewa. Mpangaji hakulipwa fidia ya maisha aliyoyajenga pale. Mwaka 1963 watu walikwenda kuzuia ubomoaji kwa miili yao, wakiongozwa na George Wiley, mwalimu wa kemia wa chuo kikuu hapa, na makumi walikamatwa. Daraja likajengwa. Lilipokamilika lilikuwa na urefu wa kilomita mbili na zaidi, upande mmoja katikati ya mji, upande wa pili chuo na hospitali, na katikati yake nyumba za Pioneer Homes, ambazo ni miongoni mwa nyumba za umma za mwanzo kabisa Marekani, magari yakiunguruma usawa wa madirisha ya ghorofa. Wazungu wenye uwezo waliitumia barabara hiyo hiyo kuhamia vitongojini. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu zaidi ya 220,000. Leo hatufiki 150,000.

Na barabara hiyo hiyo, ukienda nayo kusini kidogo, inapita katikati ya ardhi iliyobakia mikononi mwa Waonondaga. Mwaka 1971 walikwenda kukaa barabarani ili isipanuliwe.

Mheshimiwa, sikuandika haya ili kuwalaumu ninyi kwa ya wazee wenu. Nafurahi kwamba daraja linaondoka. Uamuzi wa Mei 2022 ulikuwa wa haki: magari ya safari ndefu yazunguke kwa I-481, barabara kuu inayopita pembeni ya mji, na katikati ya mji zirudi barabara za kawaida zenye taa na njia za waenda kwa miguu. Dola bilioni 2.25 ni fedha nyingi, na kazi iliyoanza mwaka 2023 naiona kwa macho. Hata kilio cha wazazi wa shule ya msingi ya Dr. King kilisikika. Michoro ya awali ilikuwa imeweka mzunguko wa magari karibu mno na watoto, wazazi wakapinga, na ukasogezwa mbali. Niliwasimulia wanawake wa kikundi chetu cha upatu habari hiyo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hawakuamini.

Wasiwasi wangu ni siku ya baada ya tingatinga. Daraja likishuka kitabaki kitu ambacho sasa hakionekani, nacho ni ardhi. Ardhi tupu, ya jimbo, katikati ya mji, dakika chache kwa miguu kutoka hospitali na chuo. Kila mwekezaji anaijua thamani yake. Na wakati huo huo nyumba za umma za pembeni yake zimepangwa kubomolewa na kujengwa upya kwa awamu, na mwaka 2024 serikali ya shirikisho ilitoa dola milioni 50 kwa mpango huo. Nyumba mpya ni jambo jema. Lakini katika kata hii hii watu waliwahi kuambiwa kwamba wanahamishwa kwa faida ya mji, na wajukuu zao wanalikumbuka hilo.

Niwaeleze kisa kimoja kilichotokea ghorofa ya juu yangu, miaka michache iliyopita. Nyumba yetu ni ya mbao, ya zamani, kama nyumba nyingi za Northside, na fremu za madirisha zilikuwa na rangi yenye madini yanayoharibu ubongo wa watoto. Mwenye nyumba alituma barua kwamba mafundi watakuja kuikwangua, na kwamba familia yenye watoto wadogo itakaa kwingine siku kumi, kwa gharama yake, kisha irudi. Barua ya maana kabisa. Ilikuja kwa Kiingereza. Jirani yangu, mama kutoka Uvira, alimpa mwanawe wa miaka kumi na mmoja amsomee. Mtoto alijitahidi. Neno la madini lilipomshinda alilitafuta kwenye simu, na simu ikampa neno sahihi la Kiswahili: risasi. Akamwambia mama yake, "Mama, wanasema nyumba ina risasi. Lazima tuhame."

Sijui kama mnaweza kufikiri maneno hayo mawili, risasi na kuhama, yanavyoingia pamoja kwenye masikio ya mwanamke aliyetembea usiku kucha kutoka Uvira na mtoto mgongoni. Hakuuliza tena. Nilipotoka kazini karibu saa saba usiku niliona taa yake inawaka. Alikuwa amefunga sufuria mbili, blanketi, unga, na vyeti vyote ndani ya mfuko wa nailoni, amewavalisha watoto makoti na viatu, na amekaa nao kwenye ngazi anasubiri kupambazuke. Mtoto aliyesoma barua alikuwa amekaa chini kabisa ya ngazi, amejishika kichwa. Nilimsomea barua upya, polepole, na alipoelewa aliinama, akawavua watoto viatu kimoja kimoja bila kusema neno.

Kwa sababu ya usiku ule naomba yafuatayo, na naomba mjibu kwa maandishi.

Ombi kubwa ni la ardhi. Kabla kipande chochote cha ardhi itakayobaki hakijauzwa au kukodishwa kwa mwekezaji, kiwepo chombo cha wakazi kitakachoishika sehemu kubwa yake kwa dhamana, isiuzwe tena kamwe. Juu yake watu wajenge, wapange, wanunue nyumba kwa bei yenye kikomo. Udongo wenyewe ubaki wa jamii. Mipango ya namna hiyo ipo katika miji mingi ya Marekani, na inafanya kazi kwa sababu nyumba ikiuzwa bei ya ardhi haimo ndani yake. Nafasi ya kwanza wapewe waliokaa chini ya daraja hili miaka yote wakivuta moshi wake, na wajukuu wa Kata ya 15 wenye kuweza kuonyesha kwamba familia zao ziling'olewa hapo. Na ahadi hiyo iingie kwenye hati yenyewe ya ardhi, kwa kuwa tumeshaona milele ya mwaka 1788 ilidumu muda gani.

Kuhusu wapangaji wa nyumba za umma: masharti ya fedha za shirikisho yanatambua haki ya mpangaji kurudi kwenye nyumba mpya, alimradi ametimiza masharti ya upangaji. Nasimama kwenye hilo "alimradi". Mtu akihamishwa kwa muda kwenda mbali na kazi yake, akakosa basi la zamu ya usiku, akapoteza kazi, akachelewesha kodi mwezi mmoja, je, amepoteza haki ya kurudi? Familia zipungue hivyo kidogo kidogo, na mwisho nyumba mpya zijae wageni watupu bila mtu yeyote kufukuzwa waziwazi? Andikeni sasa kosa lipi linamwondolea mtu haki yake na lipi halimwondolei, na kila familia ipewe karatasi hiyo kwa lugha inayoiota usiku, ikiwa na sahihi ya mtu anayeweza kupigiwa simu.

Na lugha. Vikao vya sasa mara nyingi huanza saa kumi na mbili jioni, saa ambayo sisi wa usafi, wa viwandani na wa kuhudumia wazee ndiyo tunaingia zamu. Fanyeni vingine Jumamosi mchana. Nyaraka zitafsiriwe na kutufikia wiki mbili kabla, ili tuzijadili kanisani na msikitini. Mkalimani awe mtu mzima aliyelipwa, na Kiswahili chake kiwe kile tunachokiongea, maana Mkongo, Mrundi na Mbantu wa Somalia wote wanasema Kiswahili lakini kila mmoja ana maneno yake. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza anayepokea fedha za shirikisho kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, kwa hiyo lugha tuliyotoka nayo isiwe ukuta wa kutuzuia. Msitulazimishe kuwabebesha watoto wetu kazi hii. Kijana yule wa ghorofa ya juu sasa yuko sekondari, na mpaka leo akiona bahasha mlangoni anampa mama yake bila kuigusa katikati.

Mtaniuliza mgeni kama mimi anajihusisha vipi na ugomvi wa watu waliokuwepo kabla yake. Mji huu wenyewe ndio ulionifundisha. Pale Clinton Square kuna mnara wa watu wanaomshika mwenzao aliyefungwa pingu. Oktoba 1, 1851, fundi wa mapipa aliyeitwa William Henry, maarufu kama Jerry, alikamatwa hapa ili arudishwe utumwani, kwa sheria iliyopitishwa mwaka mmoja kabla. Miezi michache nyuma Daniel Webster, waziri mwenye cheo kikubwa Washington, alikuwa amekuja kuwaambia watu wa Syracuse kwamba sheria hiyo itatekelezwa hata hapa kwao. Jioni ile kengele za makanisa zilipigwa, umati ukavunja mlango wa polisi kwa gogo, wakamtoa Jerry, wakamficha, kisha wakamvusha mpaka Kingston, Kanada. Miongoni mwa viongozi wa harakati hizo hapa mjini alikuwemo mchungaji Jermain Loguen, ambaye naye alitoroka utumwa, na ambaye nyumba yake ilipokea wakimbizi waziwazi. Wakimbizi! Nilipolikuta neno hilo katika historia ya mji wangu mpya nililia maktaba, mwanangu akaniuliza nini.

Kanisa alilohudumu Loguen lilikuja kuwa na jengo lake Kata ya 15, na jengo hilo, kwenye East Fayette Street, bado limesimama.

Hata Waayalandi wa Tipperary Hill walikuwa wageni. Miaka ya 1920 mji ulipoweka taa za barabarani kwenye mtaa wao, nyekundu juu na kijani chini, vijana waliivunja kwa mawe kila ilipotengenezwa, kwa sababu kijani ndiyo rangi ya kwao na nyekundu waliiona ya Uingereza. Baraza likakubali. Mpaka leo, kona ya Tompkins na Milton, kijani iko juu. Siwashauri vijana wetu warushe mawe. Nasema Baraza hili limewahi kusikiliza watu wa lafudhi nyingine, na mji haukuanguka. Na mwaka 2020, sensa ilipoonyesha kwamba Syracuse imeongezeka watu kwa mara ya kwanza tangu 1950, mpaka 148,620, sisi tulikuwa ndani ya hesabu hiyo, kwenye nyumba za Butternut Street na North Salina zilizokuwa zimeanza kubaki tupu.

Kwetu husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Ninachokiogopa zaidi ya vyote ni sisi kutumiwa kinyume cha msemo huo, nyumba mpya zijazwe familia zetu kisha Weusi wa zamani wa mji huu waambiwe wageni ndio waliochukua nafasi yao. Familia zetu zisiletewe nyumba kwa namna hiyo. Tuiteni pamoja nao, kwenye chumba kimoja, na ramani iwe mezani.

Kuna mzee mmoja ninayekutana naye kituo cha basi. Alizaliwa Kata ya 15. Siku moja tulipita pamoja chini ya daraja akasimama kwenye nguzo ya tatu kutoka kona, akaipiga kwa fimbo, akaniambia jiko la bibi yake lilikuwa hapo, na mlango ulitazama upande wa jua. Alinionyesha hata mti wa matunda ulipokuwa, kwa kupima hatua. Hakuna karatasi ya mji yenye habari hizo. Ana miaka themanini na ushee. Mkipanga kikao cha kwanza kabla ya msimu wa theluji, naomba mtume gari limchukue. Ngazi za basi zikiwa na barafu hazipandi tena.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Mkazi na mpiga kura wa Northside, Syracuse